Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Somo la wiki: Mathayo 13:1–23

Wengi wetu tumepita Mazeras mara nyingi bila kuingia Rabai. Wiki hii tuingie.

Johannes Rebmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1820, mtoto wa mkulima. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mke na mtoto hapo hapo. Wakapanda Rabai wakiwa na homa wote wawili, wakajenga.

Dunia inamjua Rebmann kwa sababu ya Mei 1848, alipoona theluji juu ya Kilimanjaro na msomi mmoja wa London akamkejeli. Lakini kazi yake haikuwa mlima. Kazi yake ilikuwa watu, na watu hawakuja. Wazee wa kaya walikuwa na dini yao na maombi yao ya mvua, hawakuona wamepungukiwa na nini.

Sasa angalia nani alikuwa wa kwanza kupokea. Hakuwa mzee wa kaya, wala tajiri. Alikuwa Mringe, kiwete, aliyekaa na wageni hawa akiuliza habari za Mungu. Alibatizwa akiwa karibu kufa. Baadaye akaja Abe Gunja na mwanawe, Nyondo. Basi, wachache hivyo.

Krapf akarudi Ulaya mwaka 1853. Rebmann akabaki. Mtoto wake alikufa akiwa mchanga, na mwaka 1866 akamzika mkewe Emma. Alijifunza lugha za watu kwa subira, hata Kinyanja, alichofundishwa na mtumwa aliyeitwa Salimini. Macho yakaanza kumtoka. Mwaka 1875 aliondoka akiwa kipofu, akiongozwa na Nyondo, mtoto wa yule Abe Gunja. Akafa mwaka 1876.

Mimi nimesomea biashara. Ripoti ya miaka 29 yenye waumini wa kuhesabu kwa vidole, meneja yeyote angesema: funga tawi. Lakini baada yake watumwa waliotoroka mabwana zao walitafuta pa kukimbilia, na Rabai ilikuwepo. Tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya elfu moja walipewa uhuru wao.

Nini basi humfungua mtu moyo? Kwa Mringe na kwa watumwa naona jambo moja: walijua wana haja. Haja hiyo hatuiumbi sisi, na ole wetu tukiitumia kumnunua mtu kwa pakiti ya unga. Sehemu yetu ni kuwepo, kujua lugha yake, na mlango kuwa wazi siku atakapobisha. Mpanzi hachagui siku ya mvua, ila lazima mbegu iwe tayari shambani.

Kwa hiyo tukikaa kuamua kama tuendelee na ushirika wa kijijini wenye watu wanne, tusihesabu vichwa tu. Tuulize:

1. Hao wanne, tunawajua kwa majina na shida zao?
2. Ni nani hapo tunayempita kwa sababu hana cha kutoa?
3. Tukiondoka leo, atakayebisha mwakani atamkuta nani?

Tuombe: Bwana, tupe miguu ya kubaki. Amina.