John Backus, aliyetaka mashine iandike amri kama fundi

Programu zilizo kwenye simu ya mkulima wa Tarime au mwongoza watalii wa Serengeti ziliandikwa kwa lugha inayosomeka na binadamu, kisha zikatafsiriwa kuwa amri za mashine. Mtafsiri huyo, naye ni programu, huitwa kompaila. Mmarekani John Backus ndiye aliyeongoza kikosi kilichoonyesha kwamba tafsiri hiyo inaweza kuwa na kasi.

Alizaliwa Philadelphia mwaka 1924. Chuo Kikuu cha Virginia kilimshinda, akaingia jeshini. Udaktari nao akauacha. Hisabati ndiyo iliyomshika. Mwaka 1950 aliajiriwa na IBM, New York.

Enzi hizo wataalamu waliandika amri za mashine moja moja kwa mkono. Mwishoni mwa 1953 Backus aliomba kutengeneza lugha ya Fortran. Wengi walitia shaka, na walikuwa na sababu: muda wa kompyuta ulikuwa ghali, na kompaila inayotoa amri za kujikokota ingeachwa na kila mtu. Kikosi kikaelekeza nguvu hapo. Kompyuta ya IBM 704 ilikuwa na rejista tatu tu za fahirisi, kwa hiyo kompaila ilikadiria kwanza sehemu za programu zitakazorudiwa mara nyingi, ndipo ikazigawa rejista hizo.

Kazi iliyodhaniwa ya miezi sita ilikamilika 1957. Amri za Fortran zilikaribia kasi ya zile za mafundi, na nyingine ziliwashangaza hata waliotengeneza kompaila yenyewe.

Backus alipata Tuzo ya Turing mwaka 1977, na katika hotuba yake akazikosoa lugha za aina ya Fortran. Alifariki Ashland, Oregon, Machi 2007.