Al-Khwarizmi na Hesabu Inayosomeka



Ndugu zangu wanafunzi, safari hii ninawaletea maisha ya Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Mimi nasoma kompyuta, na neno algoriti, ambalo walimu wetu hulitaja karibu kila siku, limetokana na jina lake. Hata hivyo nimeona katika mazungumzo yetu kwamba wengi humsifu kwa jambo ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya tunalipita kimya.

Alizaliwa karibu na mwaka 780 Miladia. Jina lake linatupeleka Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi yake aliifanyia Baghdad, mji ulioanzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, aliwakusanya wanachuoni katika Bayt al-Hikma, na al-Khwarizmi akawa mmoja wao. Huko alitunga majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, na kitabu cha jiografia kilichotaja mahali zaidi ya 2,400 pamoja na vipimo vyake. Alifariki karibu na mwaka 850.

Kitabu chake mashuhuri kabisa ni kile cha al-jabr wal-muqabala, ambacho kimeipa dunia neno aljebra. Humo hamna alama za x na y. Hata namba zenyewe aliziandika kwa maneno. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya mirathi na wasia: mtu amefariki, ameacha deni, mke, watoto na wasia, je, kila mwenye haki apate ngapi? Alieleza kwamba alitaka kuwarahisishia watu mambo wanayoyahitaji katika urithi, biashara, mashauri, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Kwa hiyo aljebra tunayoihangaikia mwaka wa kwanza ilikuwa chombo cha kumfikishia mwenye haki haki yake.

Kitabu chake cha pili ndicho kinachonigusa zaidi. Wakati ule watu wa Baghdad walihesabu kwa vidole, wakaandika namba kwa maneno au kwa herufi za alfabeti. Al-Khwarizmi akaeleza hesabu ya Wahindi: alama tisa na duara dogo la kuonyesha nafasi iliyo tupu, na thamani ya kila alama ikitegemea mahali ilipokaa. Hapa ndipo tunapomkosea. Si yeye aliyebuni sifuri. Elimu hiyo ilitoka India, naye aliwataja wenyewe waziwazi. Sifa yake ni kuifafanua hatua kwa hatua, hata mtu wa kawaida aweze kuifuata. Asili ya Kiarabu ya kitabu hicho imepotea. Kilichobaki ni tafsiri za Kilatini za karne ya 12, na humo jina lake likageuka kuwa Algorizmi. Nasi tunaosema Kiswahili tunabeba alama ya safari hiyo: sifuri, tarakimu na hesabu yote ni maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu.

Sasa niwaonyeshe kazi hiyo inavyoendelea ndani ya mashine. Kompyuta huhesabu kwa alama mbili tu, 0 na 1. Tuchukue mirathi ya 1,000 baada ya kulipwa deni na wasia. Mjane mwenye watoto anastahiki thumni, yaani 125. Ndani ya mashine 125 ni 1111101. Ni hesabu sahihi, lakini mpelekee mjane karatasi yenye alama hizo, atajua amepata nini?

Njia ya kuirudisha kwenye kumi ni kugawanya kwa kumi na kuchukua baki, mara kwa mara. 125 kwa 10 ni 12, baki 5. 12 kwa 10 ni 1, baki 2. 1 kwa 10 ni 0, baki 1. Soma baki kuanzia la mwisho: 1, 2, 5. Ni kanuni ileile ya nafasi aliyoifundisha al-Khwarizmi.

Katika meinfremu, zile kompyuta kubwa zinazotumiwa na mabenki, kazi hiyo ilipewa amri yake maalumu. IBM ilipotangaza System/360 mwaka 1964, mashine hizo zilikuwa na amri ya kuigeuza namba ya binari kuwa desimali iliyofungashwa: tarakimu mbili katika kila baiti, na alama ya chanya au hasi katika nusu ya mwisho. Lakini hiyo bado haisomeki. Amri nyingine huifungua, kila tarakimu ikapata baiti yake na kuwa herufi ya kuchapwa. Hapo kuna mtego. Ile alama ya chanya hubaki imeshikamana na tarakimu ya mwisho, na mwandishi wa programu asipoirekebisha, 125 itachapwa 12E. Hesabu yote ni sahihi tangu mwanzo, lakini haki ya mjane imegeuka fumbo kwenye hatua ya mwisho.

Mashine hizo zilipewa pia amri za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya moja kwa moja kwa desimali. Sababu ni kwamba sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kikamilifu kwa binari, kama vile theluthi isivyomalizika kwa desimali. Katika fedha za watu, upungufu mdogo ukirudiwa mara nyingi huwa deni la mtu.

Ndugu zangu, somo ninalolipata katika maisha ya mzee huyu ni kwamba kupata jibu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulifikisha jibu likiwa katika sura ambayo mwenye haki anaweza kulisoma na kulihakiki mwenyewe. Wapo kati yetu watakaoandika programu za mishahara, na wapo watakaokuwa mahakimu, wahasibu na wafamasia. Kila mmoja ataandika namba ambayo mtu mwingine ataitegemea. Hiyo ni amana. Tusimame mpaka hatua ya mwisho, na tuwataje waliotufundisha, kama al-Khwarizmi alivyowataja Wahindi.

Allah amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.