Robert Capa: Mpigapicha wa vita asiyefungwa na kamera moja

MPIGAPICHA mashuhuri wa vita, Robert Capa, alipokanyaga bomu la kutegwa ardhini huko Thai Binh, Vietnam, Mei 25, 1954, alikuwa na kamera mbili za watengenezaji tofauti. Contax ya Ujerumani ilikuwa na mkanda wa picha nyeusi na nyeupe. Nikon ya Japan ilikuwa na mkanda wa rangi. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 40.

Wapo wapigapicha waliofunga ndoa ya maisha na kamera moja. Rafiki yake Capa, Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliipata Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930 na akashikamana nayo hadi uzeeni. Capa alifuata njia nyingine.

Alizaliwa Budapest, Hungary, Oktoba 22, 1913, katika familia ya Kiyahudi, akapewa jina la Endre Friedmann. Mwaka 1932 alimpiga picha Leon Trotsky akihutubia mjini Copenhagen, kwa kutumia Leica. Baadaye, akiwa mkimbizi mjini Paris, ufukara ulimlazimu kuiweka rehani kamera iliyomlisha.

Mwaka 1936 alianza kutumia jina la Robert Capa na kwenda katika vita vya Hispania pamoja na mchumba wake, Gerda Taro. Julai 1937 Taro aligongwa na kifaru karibu na Brunete, akafariki dunia.

Mwaka 1936 pia, kampuni ya Zeiss Ikon ilitoa Contax II. Leica za wakati huo zilimtaka mpigapicha alenge katika tundu moja na kupima umbali katika jingine, na lenzi zake zilifungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Contax II iliunganisha matundu hayo, na lenzi zake zilibadilishwa upesi. Kwa mtu anayepiga picha huku risasi zikimpita, sekunde chache zilikuwa na thamani ya uhai.

Juni 6, 1944, Capa alishuka na wanajeshi wa Marekani katika ufukwe wa Omaha, Ufaransa, akiwa na kamera za Contax. Hivyo, Myahudi aliyeukimbia utawala wa Hitler alinasa mwanzo wa anguko lake kwa chombo kilichoundwa Ujerumani. Picha zilizosalia hazizidi 11.

Mwaka 1947 alishiriki kuanzisha shirika la Magnum, pamoja na Cartier-Bresson. Huko, mwaminifu wa Leica na yule asiye na kamera ya kudumu walikaa meza moja, wakitetea haki ya mpigapicha kumiliki picha zake.

Aprili 1954 Capa alikuwa Japan, na kutoka huko akaitwa na jarida la Life kwenda Indochina. Hakurudi.