Mama Josephine Butler, Aliyepinga Sheria ya Kuwaonea Wanawake

Swali hili husikika mara kwa mara: Je, yafaa serikali iruhusu ukahaba kwa sheria? Wengine hujibu kwamba uruhusiwe, upate kuandikishwa na kusimamiwa na madaktari. Wengine husema wanawake hao wakamatwe na kufungwa. Mwezi huu twawaletea habari za mama mmoja wa Kanisa la Uingereza ambaye alikutana na swali hili zaidi ya miaka 150 iliyopita, wala hakuridhika na jibu la upande wo wote.

Josephine Grey alizaliwa tarehe 13 Aprili 1828 huko Milfield, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, John Grey, alikuwa bingwa wa kilimo na adui mkubwa wa utumwa, na watoto wake walikua wakisikia habari za mateso ya watumwa. Mwaka 1852 Josephine aliolewa na George Butler, mwalimu wa Oxford, ambaye baadaye alipata daraja ya ukasisi. Mungu aliwajalia watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja, Eva.

Mwaka 1864 huzuni kuu iliingia katika nyumba yao. Jioni moja wazazi walikuwa wakirudi nyumbani, na Eva, mtoto wa miaka mitano, akakimbia kuwalaki. Akaanguka kutoka juu ya ngazi, akafa. Miaka miwili baadaye familia ilihamia Liverpool, mji wa bandari, ambako George alikuwa mkuu wa shule. Mama yule hakuweza kukaa peke yake na majonzi yake, akaazimu kuwatafuta wenye huzuni kuliko yeye.

Akaenda katika nyumba kubwa ya maskini iliyoitwa Brownlow Hill. Huko walikuwako wanawake wengi waliokosa kazi na makao, na baadhi yao walikuwa makahaba. Kazi yao ilikuwa kufumua kamba kuukuu za meli kwa vidole. Bibi Butler akaketi sakafuni pamoja nao, akafumua kamba, akazungumza nao na kuomba nao. Kisha akawachukua baadhi yao, hasa wagonjwa, akawaweka nyumbani kwake. Mume wake hakunung'unika. Nyumba ilipojaa, wakafungua nyumba nyingine ya wagonjwa, na nyingine ya kazi, ambako wanawake walishona nguo na kutengeneza bahasha za kuuza. Hapo ndipo alipojifunza kwamba wengi wao hawakuanza maisha hayo kwa kupenda uovu. Walisukumwa na njaa, mshahara mdogo, au kudanganywa na mwanamume aliyewaacha.

Wakati huo Bunge la Uingereza lilikuwa limetunga Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza, ya kwanza mwaka 1864, kisha nyingine mwaka 1866 na 1869. Askari wengi wa nchi kavu na wa majini walikuwa wameugua magonjwa ya zinaa, na serikali ilitaka kuwalinda. Basi katika miji ya kambi na bandari, kama Plymouth na Aldershot, polisi waliovaa nguo za kiraia waliweza kumshuku mwanamke kuwa ni kahaba na kumlazimisha apimwe na daktari mara kwa mara. Akikutwa na ugonjwa, alifungiwa hospitalini, na kwa sheria ya mwaka 1869 aliweza kukaa humo hata miezi tisa. Akikataa kupimwa, aliweza kupelekwa gerezani. Wanaume waliokwenda kwake hawakuguswa na sheria hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1869 Bibi Butler aliombwa awaongoze wanawake katika kuipinga. Aliogopa. Katika siku zile mwanamke wa heshima hakuyataja mambo hayo hata chumbani, sembuse jukwaani. Tena mume wake angeweza kupoteza cheo. George alimsikiliza, akamruhusu aende na baraka za Mungu. Naye alilipa gharama yake, kwani katika mkutano mmoja wa Kanisa alipojaribu kulisema jambo hili, alipigiwa kelele mpaka akaacha.

Tarehe 1 Januari 1870 tangazo la wanawake lilitokea gazetini, na miongoni mwa waliotia sahihi alikuwako Florence Nightingale, mwuguzi mashuhuri. Mwaka huo huo, katika uchaguzi mdogo wa Colchester, Bibi Butler alikwenda kumpinga mgombea aliyezitetea sheria hizo. Kundi la wahuni liliizingira hoteli aliyofikia na kuvunja madirisha, hata mwenye hoteli akamwomba aondoke. Mgombea yule alishindwa. Mwaka 1872 huko Pontefract, Bibi Butler na wenzake walikuwa wakikutana katika ghala, na maadui wakawasha majani chini yao. Waliokoka kwa shida.

Hoja zake zilikuwa wazi. Sheria ile ilimpa polisi uwezo juu ya kila mwanamke maskini, bila ushahidi wa kutosha. Iliadhibu mmoja na kumwacha mwenzake. Zaidi ya hayo, iliifanya serikali yenyewe kuwa msimamizi wa uovu, ikiwaahidi wanaume dhambi isiyo na hatari. Kwa miaka 16 alisafiri akihubiri hayo. Alifika Ufaransa, Italia na Uswisi, ambako madanguro yaliandikishwa na polisi. Maombi yenye sahihi zaidi ya milioni 2 yalipelekwa Bungeni. Hatimaye, kwa msaada wa mbunge James Stansfeld, sheria hizo zilisimamishwa mwaka 1883 na kufutwa kabisa mwaka 1886. Mwaka 1885 Bunge lilikuwa limekwisha kupandisha umri wa msichana kulindwa na sheria kutoka miaka 13 hadi 16, jambo alilolipigania pia.

Lakini hapo ndipo wengine walipomshangaa. Watu waliojiita walinzi wa maadili walianza kuwafukuza makahaba vyumbani mwao na kuwashitaki. Bibi Butler akawapinga hao nao. Aliona ni kosa kudhani kwamba mtu hufanywa mtakatifu kwa nguvu za polisi, na kwamba mwanamke asiye na pa kulala amesaidiwa akitupwa barabarani.

Mume wake, aliyekuwa kanoni wa Kanisa Kuu la Winchester, alifariki mwaka 1890. Yeye aliendelea na kazi, akipinga hasa mambo kama hayo katika kambi za jeshi la Kiingereza huko India. Alifariki tarehe 30 Desemba 1906. Kanisa la Uingereza humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Mjadala haujaisha. Tangu mwaka 1999 sheria ya Sweden humwadhibu anayenunua, wala si anayeuza. New Zealand iliamua mwaka 2003 kwamba kazi hiyo si kosa kwa watu wazima. Pande zote mbili humtaja Bibi Butler kuwa shahidi wao. Sisi twaona kwamba hakuwahi kuuita ukahaba jambo jema, wala hakuwahi kumwita kahaba adui. Twakumbuka yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana Yesu peke yake, ingawa dhambi ile haifanywi na mtu mmoja.

Basi tukisikia habari hizi zikijadiliwa, tuulize kwanza mwanamume yuko wapi, na huyu binti atakula nini kesho. Bibi Butler aliuliza hivyo akiwa ameketi sakafuni pamoja nao. Mungu atujalie nasi ujasiri wa kuketi hapo.