Hema la Bi Rufaida

Leo ni Ramadhani 19. Sina mas-ala ya fiqhi leo. Nakuletea maisha ya mwanamke mmoja, halafu nina langu la kukiri.

Je, unamjua Bi Rufaida wa kabila la Aslam? Wauguzi wengi wanalijua jina lake kuliko sisi tuliokaa madrasa, na hiyo ni aibu kidogo. Aliishi Madina zama za Mtume (s.a.w.). Utasikia watu wakisimulia kwamba baba yake alikuwa tabibu, na kwamba aliwafundisha wasichana wengi kazi ya kuuguza. Ni habari nzuri, lakini haziko daraja moja na zile alizozipokea Imamu Bukhari, basi mimi sijengi juu yake. Tunayoyajua kwa uhakika ni machache, na yanatutosha.

Alikuwa na hema. Na hema lile lilisimama msikitini kwa Mtume (s.a.w.). Hebu simama hapo kwanza. Sisi mtu akiingia na tope la shambani tunamkunjia uso, tunaogopa zulia. Pale waliingizwa watu wanaovuja damu. Ibn Is-haq anaeleza kwamba bibi huyu aliwatibu majeruhi, na alijitolea kwa kutaraji malipo ya Allah kumhudumia kila Mwislamu asiye na wa kumtazama. Yaani yule ambaye hana mke wa kumletea uji, wala ndugu wa kumgeuza kitandani.

Dawa zenyewe zilikuwa nini? Maji, kitambaa, na moto wa kuchomea mshipa. Siku ya Uhud, Bi Fatima alipoona damu ya baba yake haikatiki kwa maji, alichoma kipande cha mkeka akabandika majivu kwenye jeraha, ikakatika. Ndiyo hospitali ya wakati huo. Na Bi Rufaida hakuwa peke yake katika kazi hii: Ummu Atiyya alitoka vita saba, akipika na kuwauguza wagonjwa, Rubayyi bint Muawwidh alikuwa akinywesha watu maji na kuwarudisha majeruhi Madina.

Sasa twende mwaka wa 5 Hijria, 627 Miladia, Vita vya Handaki. Sa'd bin Mu'adh, mkubwa wa Aus, alipigwa mshale kwenye mshipa mkubwa wa mkono. Huyu si mtu mdogo. Ni chifu, ana jamaa, ana nyumba. Hali ilipokuwa nzito, alipelekwa kwa Bi Rufaida. Chifu akalazwa katika hema lile lile la wasio na mtu.

Na Mtume (s.a.w.) alitaka awe karibu ili amjulie hali. Imamu Bukhari, katika Al-Adab al-Mufrad, anapokea kwamba kila alipopita jioni alimuuliza Sa'd ameshindaje, na kila alipopita asubuhi alimuuliza ameamkaje, naye akimweleza. Mji umetoka kuzingirwa na jeshi la watu wapatao 10,000, kiongozi ana mambo ya vita na njaa kichwani, lakini pale hemani anasimama kuuliza. Mgonjwa anajibu. Mwenye hema anasikia. Nadhani muuguzi yeyote anayenisoma anaelewa kazi inakuwaje nyepesi mkubwa wako anapopita namna hiyo, na inakuwaje anapopita akitafuta kosa tu.

Sa'd hakupona. Jeraha lilichomwa, mkono ukavimba, likachomwa tena. Akatoka mara moja, amepandishwa punda, kwenda kutoa hukumu ya Banu Quraidha, akarudi. Kisha usiku mmoja jeraha likapasuka. Pale msikitini palikuwa na hema jingine, la watu wa Banu Ghifar. Wao walishtukia damu inatiririka kuwajia, wakauliza kuna nini huko upande wenu. Wakamkuta Sa'd ndiye anayetoka damu. Alifariki kwa jeraha hilo, na Mtume (s.a.w.) akatueleza kwamba Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Mimi hapa huwa namfikiria bibi mwenyewe. Mgonjwa mkubwa kuliko wote aliowahi kupewa amemfia, na damu imefika mpaka kwa jirani. Hatukuhadithiwa kwamba alilaumiwa. Ibn Sa'd anamtaja Ku'aiba bint Sa'd wa Aslam, mwenye hema msikitini, aliyemuuguza Sa'd mpaka akafa. Wapo wanazuoni wanaoona ndiye huyu huyu Rufaida, na mimi naelemea huko. Anasema alikuwepo Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, na Mtume (s.a.w.) akamgawia fungu sawa na la mwanamume. Kwa hiyo baada ya Sa'd hakukunja hema. Florence Nightingale, tunayesomeshwa shuleni, alifika kwa majeruhi wa Scutari mwaka 1854, zaidi ya miaka 1,200 baadaye.

Basi langu ni hili. Ramadhani moja, jioni karibu na futari, mwanafunzi wangu wa madrasa aligongwa na bodaboda. Nikampakia kwenye gari la mtu, mbio hospitali, sitaitaja. Mapokezi pamejaa. Mtoto analia, mkono umevunjika. Sista mkubwa wa zamu akamtazama, akampita, akaenda kwa mzee mmoja wa mkonge aliyekuwa kimya tu ukutani, akihema kwa shida. Nikawaka. Nikamwambia mimi ni imamu, na nikaongeza maneno ambayo nikiwa na saumu sikupaswa hata kuyafikiri.

Hakunijibu vibaya. Alimwita nesi kijana, akamwambia amfunge mtoto mkono kwa kipande cha boksi usicheze, akae naye, na amweleze kila anachomfanyia kabla hajamfanyia. Kisha akarudi kwa mzee. Mzee alikuwa anazidiwa pale pale mbele yetu, nami nilikuwa nimeangalia kelele, sikuangalia pumzi.

Alfajiri, kabla hajakabidhi zamu, alipita kitandani akamuuliza mtoto ameamkaje. Jioni aliporudi kazini akapita tena, akamuuliza ameshindaje. Mimi niko pembeni, nainamisha kichwa. Nilikuwa nimelisomesha swali lile kwa miaka, kitabu mkononi.

Nilichelewa sana kumwomba radhi. Nimekwenda juzi, baada ya tarawehe, na kifuko cha tende. Nikajieleza kirefu, nimeyapanga maneno njia nzima. Alinitazama kama mtu anayetafuta sura, halafu akauliza mkono wa yule mtoto ulinyooka vizuri, au bado anaukunja kwa shida?

Ulinyooka. Ndiye anayeadhini Adhuhuri siku hizi.

Darsa ya kesho, inshaAllah, baada ya Alasiri: zakatul-fitri, tuanze mapema.