George Lansbury wa Poplar

Poplar ni mtaa ulio mashariki ya London, karibu na yaliyokuwa magati ya meli. Zamani wenyeji wake wengi walikuwa wachukuzi wa shehena, watu wa kibarua: siku yenye meli walikula, siku isiyo na meli walilala njaa. Huko ndiko alikofanya kazi George Lansbury, ambaye habari zake twapenda kuwaeleza wasomaji wetu.

Alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Suffolk. Mwaka 1884 alihamia Australia pamoja na mkewe na watoto, lakini walipata taabu tupu, wakarudi mwaka uliofuata. Akafanya kazi katika kiwanda cha mbao cha mkwewe, kisha akachaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa maskini. Siku moja, katika nyumba walimolishwa maskini, alikuta uji una mavi ya panya. Hakunyamaza mpaka mambo ya nyumba ile yalipotengenezwa.

Mwaka 1910 aliingia katika Bunge la Uingereza. Miaka miwili baadaye alikiacha kiti chake kwa hiari, akaomba kuchaguliwa tena kwa ajili ya neno moja tu: wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Akashindwa, akakaa nje ya Bunge miaka kumi. Wengi walimwona mpumbavu. Sisi hatusemi hivyo, ila twadhani hakushauriana na wenzake ya kutosha.

Lakini jambo kubwa ni lile la mwaka 1921. Wakati ule kazi zilikuwa haba, na kila mtaa ulipaswa kuwalisha maskini wake kwa kodi ya nyumba zake. Westminster, penye majumba ya matajiri, kodi ya peni moja katika kila pauni ilileta zaidi ya pauni 30,000; Poplar ilileta chini ya 4,000. Nao wenye njaa hawakukaa Westminster! Basi Lansbury na madiwani wenzake wakakataa kutoza fedha zilizodaiwa na baraza kuu la London, ili wapate kuwalisha watu wao. Wakaitwa mahakamani, wakaenda kwa miguu, na watu wengi wakiwafuata. Madiwani 30 wakafungwa: wanaume katika gereza la Brixton, wanawake katika gereza la Holloway. Hata humo baraza lao halikukoma, maana wanawake waliletwa Brixton kwa motakaa ili mkutano ukamilike. Baada ya majuma sita wakafunguliwa, na sheria ikatungwa ili mitaa tajiri isaidie mitaa maskini. Ushindi huo ulikuwa na majonzi pia. Minnie, mke wa mwanawe Edgar, aliyefungwa pamoja nao, alikufa kwa homa ya mapafu tarehe 1 Januari 1922, naye alikuwa na miaka 32 tu.

Mwaka huohuo wa 1922 Lansbury alirudi Bungeni, na tangu 1932 akawa kiongozi wa Chama cha Labour. Alichukia vita kabisa kwa sababu ya imani yake ya Kikristo. Waitalia walipoiendea Uhabeshi mwaka 1935, chama chake kilitaka Italia izuiliwe, hata kwa nguvu. Yeye akakataa, akaacha uongozi. Hapo sisi watu wa Afrika ni vigumu kumfuata, kwa kuwa Wahabeshi hawakuachiwa nafasi ya kuchagua amani. Mwaka 1937 alikwenda mwenyewe kwa Hitler na kwa Mussolini kuwasihi, akarudi akiwa na matumaini. Alikufa tarehe 7 Mei 1940. Siku tatu baadaye majeshi ya Wadachi yaliingia Uholanzi na Ubelgiji.