Stephen Gray: Mtia rangi nguo aliyeusafirisha umeme

Tunaoishi nchi za baridi tunazijua cheche za sweta ya sufu inapovuliwa: nguo mbili zimegusana, zikaachana, na moja imeondoka na elektroni za mwenzake. Stephen Gray, mtia rangi nguo wa Canterbury, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1666, aliupata umeme huo kwa kusugua mrija wa kioo.

Mwaka 1729 aliona kizibo cha mrija nacho kinavuta unyoya, ingawa hakukisugua. Kumbe umeme husafiri! Kamba ya katani iliupitisha, hariri ikauzuia.

Haya aliyafanya akiwa mzee anayelishwa kwa sadaka Charterhouse, London. Royal Society ilimtunuku Medali ya kwanza kabisa ya Copley mwaka 1731, na nyingine 1732. Alifariki mwaka 1736, angali maskini.